Kilomita 280, dakika 50, na sofa yangu hapa Donholm, Nairobi

Shemeji alinipigia Jumatano usiku, saa nne kasoro hivi, na nilijua ni yeye hata kabla sijaangalia jina kwa sababu mtandao wa huko kwao mlimani hukata maneno nusu nusu, ukisikia mtu anasema "...meji ...bari" jua hiyo ni Marsabit. Yeye ni mwalimu huko. Dadangu ni nesi Lodwar. Wameoana miaka mitano sasa na katika hiyo mitano sidhani wamekaa nyumba moja miezi sita ukijumlisha zote, likizo, Krismasi na matanga. Kila mwaka mmoja wao anaandika barua ya kuomba uhamisho, na kila mwaka barua inajibiwa kwamba imepokelewa.

Swali lake lilikuwa rahisi. "Shem, wewe ndiye mtu wa intaneti, hebu niangalilie, kutoka hapa hadi Lodwar kwa ndege ni muda gani?"

Ziko zile tovuti unaandika mji wa kwanza, unaandika mji wa pili, inakuchorea mstari na kukupea namba mbili, umbali na muda. Nikaingiza. Kilomita 280. Dakika 50. Nikashangaa mwenyewe, kwa sababu kichwani mwangu Lodwar na Marsabit ni kama dunia mbili tofauti, mmoja uko kule kwa watu wa magharibi unapitia Kitale, mwingine uko huku unapitia Isiolo, sijawahi kuwaza kwamba ni majirani. 280 inazidi kidogo tu Nairobi hadi Kisumu, ambayo kwa mstari ulionyooka ni kama 265. Basi mimi bila kufikiria nikamwambia, shem, hiyo ni Kisumu tu, soda haijaisha mnateremka.

Akacheka ile ya mtu amefurahi kweli. Nikasikia anamwambia mtu mwingine hapo kando, "ati dakika hamsini." Alafu akasema, "Basi niangalilie tikiti ya Ijumaa."

Hapo ndipo aibu ilinianza.

Kwanza niliangalia tovuti ya pili kuhakikisha, ikaniambia 174. Ya tatu ikasema 151. Nikaona hawa watu wanabahatisha, kumbe ni umbali ule ule mmoja, moja inahesabu kilomita, nyingine maili za kawaida, nyingine maili za baharini ambazo ndizo marubani wanatumia, moja yake ni kilomita 1.852. Hiyo maili ya baharini si mtu aliota, ukigawanya digrii moja ya latitudo mara sitini, kipande kimoja ndicho hicho. Sawa, hilo likaisha. Lakini tikiti hakuna. Nimetafuta mpaka bando ikakaribia kuisha. Lodwar ndege iko, Nairobi kwenda Lodwar unapata. Lakini ndege ya ratiba inayotoka Marsabit ikavuka ziwa ikatua Lodwar, mimi sikuiona popote, na kila mahali nilipoingiza ile safari nilikuwa narudishwa Nairobi.

Sasa zile dakika 50 zilitoka wapi? Hii ndio iliniudhi nikaamua kuichimba. Hiyo tovuti haijui kama kuna ndege. Haijui hata kama kuna uwanja. Inachojua ni namba za ramani za miji miwili, inachukulia dunia ni mpira wenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371, inapima mkato mfupi kabisa juu ya huo mpira, alafu inagawanya kwa mwendo wa jeti kubwa, tuseme 800 kwa saa, inaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. 280 kwa 800 ni dakika 21. Ongeza 30. Hiyo hapo 51. Yaani imempa shemeji jeti kubwa isiyoko, imetua mahali isipotua, na mimi nikaisoma kwa sauti kama mtu wa kaunta.

Nikapiga hesabu yangu ya kweli sasa. Lodwar hadi Nairobi angani ni kama kilomita 508. Nairobi hadi Marsabit kama 423. Jumla inapita 930. Mume na mke wametenganishwa na 280, lakini ili mmoja amfikie mwingine lazima apande mara tatu ya hiyo na zaidi, ashuke huku kwetu kwanza, alafu arudi juu tena.

Barabara ndio usiseme. Katikati yao kuna Ziwa Turkana, refu karibu kilomita 250 kutoka kaskazini hadi kusini, na hakuna daraja. Mashua zipo lakini mtu anayejua upepo wa lile ziwa hakutumi huko na mtoto wa miaka minne kama huyu wao. Kwa hivyo ukitaka gari unashuka Kapenguria, Kitale, Eldoret, Nakuru, unakata Nyahururu, Nanyuki, Isiolo, ndio sasa uanze kupanda Marsabit. Chora hiyo kwenye karatasi uone. Ni herufi U kubwa, na wenyewe wako kwenye ncha zake mbili juu wanatazamana. Angalau upande wa Isiolo siku hizi ni lami hadi Moyale, wazee wanaojua ile barabara ya zamani ya malori na vumbi wanakuambia ulikuwa unapanda ukiwa mtu mzima unateremka ukiwa mgonjwa.

Jumamosi nikapata wazo la kishujaa, si tukodi ndege? Kuna jamaa anafanya kazi Wilson, ule uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, nilisoma naye, nikapanda gari ya Rongai nikashuka hapo langoni, nikamkuta kwa kaunta anakunywa chai na mandazi. Nikamwambia nataka ndege ndogo, Marsabit kwenda Lodwar, dakika hamsini. Akaniangalia kwa huruma.

"Ndege inalala wapi?"

"Sijui. Lodwar?"

"Inalala hapa," akaonyesha nje na mandazi. "Inatoka hapa tupu inaenda Marsabit, inabeba huyo shemeji wako inampeleka Lodwar, alafu inarudi hapa tupu. Wewe unalipia yote."

Akatoa kikokotoo. 423, ongeza 280, ongeza 508. Kilomita 1,211. Akasema kwa zile Caravan, zile za injini moja mbele unaziona sana pale Wilson, weka mwendo wa 300 kwa saa ndio hesabu iwe rahisi, hiyo ni saa nne za kuruka. Saa nne za mafuta, rubani na injini, ili mtu mmoja akae angani kama dakika 56. Bei aliyonitajia siiandiki hapa, mamangu husoma hii blogu. Nikamuuliza kama ni bora nioe mke wa pili kwa niaba ya shemeji, akasema itakuwa nafuu. (Dada, natania.)

Lakini huyo jamaa alinifundisha kitu, tulikaa pale karibu saa nzima. Nilikuwa nadhani kwenda na kurudi ni sawa. Si sawa. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda zetu za juu kuna kama mfereji mkubwa, na upepo kutoka kusini mashariki unabanwa pale unapita kwa kasi, wataalamu wa hali ya hewa wana jina lake kabisa, wanauita mkondo wa Turkana. Ndio sababu ile mitambo 365 ya umeme wa upepo iliwekwa pale kusini mashariki mwa ziwa, si mahali pengine. Sasa weka ndege yetu pale. Ukitoka Marsabit kwenda Lodwar huo upepo unakusukuma mgongoni, ukirudi unakupiga usoni. Tuseme ni wa kilomita 50 kwa saa. Kwenda utatumia dakika 48, kurudi 67. Na usidhani zinafutana, jumla ni 115, wakati bila upepo ingekuwa 112. Nilikataa, nikahesabu mwenyewe kwa nyuma ya risiti mara mbili. Ni kwa sababu unakaa ndani ya upepo mbaya muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya upepo mzuri. Hii imenikaa kichwani kuliko somo lolote la fizikia.

Alafu kuna joto na ukungu. Lodwar mchana ni nyuzi 35 na zaidi, hewa ya moto ni nyepesi, mabawa hayapati kitu cha kushika vizuri na injini nayo inachoka, kwa hivyo marubani wanapenda asubuhi na mizigo inapunguzwa. Marsabit ni kinyume, ni mlima wa mita 1,700 na kitu umesimama peke yake katikati ya ukame, unakamata kila wingu linalopita, asubuhi unaamka umefunikwa ukungu. Kwa hivyo saa ambayo Lodwar wanataka uondoke ndio saa Marsabit hawakuoni. Wakenya wa umri wangu tunakumbuka Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi letu la anga ilianguka karibu na Marsabit hali ya hewa ikiwa mbaya, watu 14 wakafa, wabunge wakiwemo, Bonaya Godana akiwa mmoja wao, na walikuwa wanaenda kusuluhisha, kutafuta amani. Jamaa wa Wilson alipotaja hiyo siku alishusha sauti, na mandazi akaiweka chini.

Usiku huo sikulala mapema. Unajua vile simu inakuvuta, nikaanza kutafuta kama kuna watu wengine duniani wenye hii shida ya shemeji, nikaishia Kanada, juu kabisa, jimbo la Nunavut. Huko kuna vijiji na miji 25 na hakuna barabara hata moja inayounganisha kimoja na kingine. Hakuna. Ni ndege, au meli wakati barafu imeachia. Nikachukua viwili vya mwisho mwisho, Resolute na Grise Fiord. Grise Fiord ndio kijiji cha raia kilicho kaskazini kuliko vyote Kanada, sensa ya 2021 ilihesabu watu 144, yaani ploti moja ya hapa Donholm inawashinda. Wenyewe Wainuiti wanapaita Aujuittuq, mahali pasipoyeyuka. Resolute wanapaita Qausuittuq, mahali pasipopambazuka, na si utani, huko juu majira ya baridi jua linapotea kama miezi mitatu.

Kwenye ramani ya simu hivyo vijiji viwili vinaonekana vimeachana kuliko Nairobi na Addis Ababa. Ni uongo wa ramani. Hizi ramani bapa zinavuta vitu vya karibu na ncha ya dunia kama chapati isiyoiva. Hapa kwetu karibu na ikweta digrii moja ya longitudo ni kilomita 111, huko juu kwenye latitudo 75 digrii hiyo hiyo imesinyaa imebaki kama 29, kwa sababu mistari yote inaenda kukutana pale kwenye ncha. Umbali wa kweli kati yao ni kama kilomita 385. Na ndege yao ni Twin Otter, injini mbili, inabeba watu 19 viti vikijaa, muundo wa miaka ya sitini na bado inapiga kazi. Sio jeti ya 800. Inaenda kama 270, 280, kwa hivyo weka karibu saa moja na nusu hewa ikiwa tulivu, na inatua kwenye kiwanja kifupi cha kokoto kilichobanwa kati ya mlima na bahari. Ukungu ukiingia, unakaa. Kesho tena unakaa. Hiyo ndege ndio inawaunganisha na Resolute, na Resolute ndio mlango wao wa kutokea duniani. Kwa hivyo hata wao wana Nairobi yao, tofauti ni kwamba Nairobi yao ina baridi na watu kama mia mbili.

Kilichonishika koo ni jinsi walivyofika huko. Hawakujichagulia. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilichukua familia kutoka Inukjuak, karibu kilomita 2,000 kusini, na nyingine kutoka Pond Inlet, ikawapeleka kwa meli hadi huko, na wakiwa safarini ndio wakajua kwamba hawatashushwa pamoja, wengine huku wengine kule. Awamu nyingine ikapelekwa 1955. Serikali iliomba msamaha 2010. Mimi nilisoma hiyo saa nane usiku nikiwaza barua za dadangu zilizopokelewa. Si kitu kimoja, najua, dadangu ana mshahara na anaweza kuacha kazi. Lakini mtu ameketi ofisini na ramani, anaweka kidole hapa na kidole pale, anasema huyu hapa huyu pale, si mbali.

Basi mwishowe ikawa vile huwa. Wote wakaja Nairobi.

Dadangu na mtoto walishuka Wilson Ijumaa iliyofuata mchana, ana katoni ya samaki wakavu wa Kalokol imefungwa kwa nailoni mbili na bado dereva wa teksi alifungua madirisha yote manne bila kusema kitu. Shemeji alipanda basi Alhamisi jioni akafika Eastleigh alfajiri, na mtungi wa lita tano wa maziwa ya ngamia akiwa ameukumbatia kama mtoto. Nyumba yangu ni chumba kimoja cha kulala. Niliwapisha, nikalala kwa sofa siku tatu, miguu nje, na mtoto akija kila asubuhi kuniuliza, "Anko, mbona huna kitanda?" Sikuwa na jibu.

Jumapili ya jioni shemeji aliketi pale kibarazani akamwangalia mkewe anakunja nguo, akaniambia polepole, "Shem, sijaona nyumba yake ya Lodwar hata siku moja. Nikiota nyumba yake naota ya hapa kwako." Nikaenda kuchemsha chai.

Jumatatu nikawasindikiza Wilson. Mzigo ni kilo 15 kwa kila mtu na wanapima kweli, hata mkoba wa mkononi, hata sisi wenyewe abiria unaambiwa upande mizani kama gunia (mimi sikuwa nasafiri lakini nilipanda tu, sitasema). Begi la dadangu likasoma 17.4. Alikuwa amejaza managu, vitunguu, maparachichi, viatu vya shule. Akafungua pale pale sakafuni, akatoa maparachichi sita akanipa, bado 15.9, akatoa sweta mbili akamvalisha mtoto moja juu ya nyingine, kofia ya sufu juu, na viatu vipya akamwingiza. 15.0. Yule wa mizani akamwangalia mtoto, akatazama tikiti imeandikwa Lodwar, akagonga muhuri. Nikawaona wakitembea kwenda kwa ndege, mtoto amenyoosha mikono kando kwa sababu haikunjiki, anaelekea kwenye nyuzi 36.

Maparachichi nimekula wiki nzima.

Jana dadangu aliniweka kwenye simu ya pamoja, sisi watatu na mtoto, ilikuwa jioni hivi. Lodwar iko magharibi ya Marsabit kwa digrii mbili na kitu, na kila digrii ni dakika nne za jua, kwa hivyo jua la Marsabit linatangulia kuzama kwa kama dakika tisa na nusu. Hii nilikuwa nimemweleza mtoto kwa chungwa na tochi siku ile, sikujua kama ameshika. Nikamsikia anaita, "Baba, lako limeingia?"

Mtandao ukakata, ukarudi. Shemeji akasema limeingia sasa hivi, nyuma ya kilima.

"Langu bado," mtoto akasema. "Ngoja, usikate."

Hakuna aliyekata. Tukangoja.